Darasa la pamoja, kundi lao wenyewe au mmoja kwa mmoja: umpangie lipi mwanafunzi mwenye ulemavu kwenye michezo?

Swali hili linarudi kila mara kwa walimu wa michezo, makochi wa vilabu na hata wazazi. Mtoto ana mtindio wa ubongo, au haoni, au ana usonji, sasa nimweke uwanjani na wenzake wote, nimtafutie kundi la wenye ulemavu, au nikae naye peke yake? Majibu yanayotolewa mengi ni ya mkato, wengine wanasema lazima wachanganywe maana kutenga ni ubaguzi, wengine wanasema hapana ataumia na kuchekwa, muache na wenzake wanaofanana naye. Mimi naona pande zote mbili zinachagua mapema mno, na zinachagua kwa kuangalia jina la ulemavu badala ya kuangalia leo tunafundisha nini. Mtu yuleyule anaweza Jumatatu kuogelea na darasa zima na Alhamisi akawa na timu ya viti mwendo, wala hakuna kinachogongana hapo.

Hata Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, kifungu cha 30, umeyaweka yote mawili pamoja: watu wenye ulemavu wahamasishwe kushiriki michezo ya kawaida kadiri inavyowezekana na katika ngazi zote, na hapohapo wapate nafasi ya kuandaa, kuendeleza na kucheza michezo yao mahsusi wakiwa na mafunzo na rasilimali sawa na wengine. Kwa hiyo ukimlazimisha mtu achague upande mmoja autupe mwingine umeshampunguzia haki yake, hata kama nia yako ilikuwa nzuri.

Tunalinganisha kwa kipimo gani

Chukua saa. Kipindi kizima mtazame mwanafunzi mmoja tu mwenye ulemavu na uhesabu vitu vitatu. Mwili wake umefanya kazi kweli kwa dakika ngapi, na hapa kusubiri foleni, kusukumwa na msaidizi au kushikishwa filimbi hakuhesabiwi. Ameugusa mpira mara ngapi. Na mara ngapi ameamua kitu yeye mwenyewe, ampasie nani, apite wapi, apumzike lini.

Nasema hivi kwa sababu Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wake wa 2020 liliwataja watu wenye ulemavu waziwazi, na kiwango chao halikukishusha. Watoto na vijana wa miaka 5 hadi 17 wenye ulemavu wanatakiwa wastani wa dakika 60 kwa siku za mazoezi ya wastani hadi makali, sawa kabisa na watoto wengine, na watu wazima dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani. Sasa mpangilio unaompa mtoto dakika nne za kutokwa jasho ndani ya kipindi cha dakika 40, uite jina lolote zuri unalotaka, haujamfundisha michezo.

Darasa la pamoja na kundi lao, uso kwa uso

Kwenye urafiki na maisha ya kila siku darasa la pamoja linashinda, sioni haja ya kubishana. Mtoto anacheza na watu atakaokutana nao mapumziko, sheria anazojifunza ndizo zinazochezwa mtaani, na wale wasio na ulemavu wanamzoea kama mchezaji mwenzao. Pia watu wapo wengi, timu zinatimia, huna shida ya kutafuta wa kucheza naye.

Kwenye kujifunza ufundi wenyewe mara nyingi kundi lao linakuwa mbele. Mwalimu anaongea na watu wenye tatizo moja, maelezo yote yanawafaa, hakuna kukimbizana na darasa la watu 45, na kuna kitu kingine ambacho mwalimu asiye na ulemavu hawezi kukitoa hata awe na vyeti vingapi, yaani kumwona mtu mzima aliye kwenye kiti kama chako akipanda ukingo wa barabara kwa magurudumu ya nyuma huku anaongea na kucheka. Mtoto akiona hivyo mara moja tu anaanza kujaribu mwenyewe.

Hasara zake nazo siyo za kufanana. Ubaya wa darasa la pamoja ni kuwepo bila kushiriki, mtoto anavalishwa jezi alafu anapewa kazi ya kuandika magoli, au anawekwa kipa mahali ambapo mpira haufiki, na kwenye ripoti inaandikwa ameshiriki. Ubaya wa kundi lao ni matarajio kushuka polepole bila mtu kugundua, watoto wa miaka 8 na vijana wa miaka 17 wanawekwa pamoja kwa sababu tu wote wana ulemavu, michezo inakuwa ya kitoto, kila mtu anapigiwa makofi kwa chochote. Kijana wa miaka 17 mwenye ulemavu wa akili bado ni kijana wa miaka 17, mpe mazoezi ya vijana.

Alafu usalama, ambao ndio unaotajwa sana na wanaotaka kutenganisha, kwa kweli unategemea nafasi na usimamizi kuliko unavyotegemea nani yuko na nani. Viti mwendo kumi vikikimbia kwenye ukumbi mdogo vinaumiza vidole kuliko kiti kimoja kwenye uwanja mpana wenye watoto thelathini.

Lakini pamoja ipi?

Hapa ndipo ulinganisho mwingi unapoharibika, watu wanachukua darasa la pamoja ambalo halijabadilishwa chochote wanalilinganisha na kundi maalum lililoandaliwa vizuri, ni wazi litashindwa. Darasa la pamoja lina namna zake tatu.

Ya kwanza, wote wanafanya kitu kilekile bila mabadiliko. Inafaa kwa vitu kama kupasha mwili, kucheza muziki, mazoezi ya vituo ambapo kila mtu anafanya kwa kiwango chake kwa sekunde 30 kisha anahama. Wanafunzi viziwi wengi wanaishi vizuri kabisa hapa, mchezo haubadiliki hata kidogo, unabadilika wewe: simama mahali mwanga unakupiga usoni na siyo mgongoni, usiongee ukiwa umegeuka, tumia bendera au taa pamoja na filimbi, onyesha kwanza alafu ndio mcheze, maana akiangalia mikono ya mkalimani wa lugha ya alama hawezi kukuangalia wewe unapiga mpira kwa wakati uleule. Kitu cha kuulizia ni mizani tu, wapo viziwi ambao sikio la ndani limeathirika na kusimama mguu mmoja au kutembea juu ya boriti kunawapa shida.

Ya pili, wote wako kwenye mchezo mmoja lakini umeuchezea kidogo. Walimu wengi wa fani hii wanakagua mambo manne: nafasi, kazi yenyewe, vifaa, watu. Nafasi maana yake upunguze umbali au mtu awe na eneo ambalo hakabwi. Kazi, yaani badala ya kudaka mpira ukiwa hewani unaruhusiwa udunde mara moja au mbili. Vifaa, mpira mwepesi unaokwenda taratibu, mpira wenye rangi kali inayotofautiana na sakafu, mpira wenye kengele, raketi yenye mpini mfupi. Watu, wawe watatu kwa watatu badala ya saba kwa saba, na hii ya mwisho ndiyo inayosahaulika wakati ndiyo inayoongeza kugusa mpira kuliko zote. Ushauri wangu ni uanze na badiliko dogo kabisa linalotosha, na uliondoe likishakuwa halihitajiki. Mwalimu anayebadilisha vitu vitano kwa mpigo anaua mchezo na darasa zima litamchukia yule mtoto aliyebadilishiwa, na haki yao watoto kuuchukia mchezo mbovu, tatizo ni kwamba hasira inaangukia kwa mtu asiyehusika.

Ya tatu, ukumbi mmoja na mada moja lakini makundi kwa uwezo. Darasa lote linafanya kupiga pasi, kundi moja wanacheza mechi, lingine wanapiga pasi kwenye shabaha, lingine wanasukuma mpira kwa mkono wakiwa wamekaa. Watu wanaidharau hii wanaona ni kutenga kwa mlango wa nyuma, mimi naipenda sana ilimradi mtu anaweza kuhama kundi na makundi yasiwe ni ya wenye ulemavu huku na wasio nao kule. Ukiona kila wiki kundi la mwisho lina watu walewale, jua umeshajenga ukuta.

Kuna njia ya nne ambayo wengi hawaifikirii: mchezo wao, nyinyi wengine ingieni

Geuza mambo, usimlete mwenye ulemavu kwenye mchezo wa wengine, walete wengine kwenye mchezo uliobuniwa kwa ajili yake. Hapo yeye ndiye mzoefu na wengine ndio wanaojifunza, na kwa darasa ambalo lina mwanafunzi mmoja au wawili tu wenye ulemavu hii kwangu ndiyo chaguo la kwanza la kujaribu. Michezo inayofaa kuanzia ni mitatu na nataka niiweke pembeni kwa pembeni maana inatofautiana sana.

Goalball, mchezo wa kuviringisha mpira kwenye goli la wapinzani bila kuona, ilibuniwa mwaka 1946 na Hans Lorenzen wa Austria na Sepp Reindle wa Ujerumani kwa ajili ya wanajeshi waliopofuka vitani, na iliingia Paralimpiki, mashindano makubwa ya dunia ya wenye ulemavu, mwaka 1976 kule Toronto. Uwanja ni mita 18 kwa 9, watatu kila upande, goli limeziba upana wote wa mita 9 na kimo ni mita 1.3, mpira una kengele na uzito wa kilo 1.25. Wote wanafunikwa macho, anayeona kidogo na asiyeona kabisa wanakuwa sawa. Mistari inatengenezwa kwa kamba iliyofunikwa na utepe ili mguu au mkono uisikie. Uzuri wake darasani ni kwamba wanaoona wanakosa faida yao yote papo hapo. Ugumu wake ni ukimya, ukumbi wenye kelele au mwangwi mchezo unakufa, na mpira wa kilo moja na robo ukimpiga mtoto asiyejua kulala vizuri kuzuia unamuumiza, kwa hiyo wiki za mwanzo tumia mpira mwepesi wenye kengele na fundisha kwanza namna ya kulala ubavu, mikono imenyooka mbele ya kichwa, uso umegeuzwa nyuma kidogo.

Voliboli ya kukaa ilianza Uholanzi mwaka 1956, Paralimpiki iliingia 1980. Uwanja mita 10 kwa 6, wavu una kimo cha mita 1.15 kwa wanaume na 1.05 kwa wanawake, na sheria inayoumiza kichwa cha kila anayeanza ni kwamba unapougusa mpira sehemu ya kiwiliwili kati ya makalio na mabega lazima iwe inagusa sakafu. Kwa waliokatwa mguu, wenye mguu mfupi, waliopata polio, hii ndiyo nzuri kuliko zote, na vifaa ni karibu hakuna, sakafu safi na wavu ulioshushwa, hata kamba inatosha. Wengine wote wakikaa chini wanashangaa jinsi kusogea kwa mikono na makalio kunavyochosha. Haimfai sana mwenye mtindio wa ubongo mkali anayeshindwa kukaa bila kuegemea, wala aliyeumia uti wa mgongo asiyehisi makalio, huyo ngozi yake itachubuka kwenye sakafu na hatajua mpaka kidonda kimeshaanza.

Boccia ni kwa ajili yao hao ambao voliboli imewaacha. Ilianzia kwa watu wenye mtindio wa ubongo na iko Paralimpiki tangu 1984. Mipira sita myekundu, sita ya bluu na mmoja mweupe, uwanja mita 12.5 kwa 6, mipira ya rangi inarushwa na wachezaji wakiwa wamekaa ili iusogelee ule mweupe. Unaweza kurusha kwa mkono, kupiga kwa mguu, na asiyeweza vyote viwili anatumia mteremko kama mfereji, anaelekeza usogezwe wapi na kuuachia mpira kwa kijiti cha kichwani au mdomoni. Msaidizi wa mteremko lazima akae amegeuzia uwanja mgongo, haruhusiwi kuangalia. Nawaomba sana mwichukue sheria hiyo hata nje ya boccia kwa sababu inalinda kitu muhimu, uamuzi unabaki kwa mchezaji hata kama mikono ni ya mtu mwingine. Upungufu wa boccia ni upande wa moyo na mapafu, haikimbizi mapigo sana, kwa hiyo isiwe ndiyo mazoezi yake pekee ya wiki.

Kwa kifupi, darasa lenye mwanafunzi asiyeona na ukumbi uliotulia nenda goalball, mwenye shida ya miguu lakini mikono na kiwiliwili viko imara nenda voliboli ya kukaa, mwenye ulemavu mzito wa viungo vyote nenda boccia. Mpira wa miguu wa wasioona nao ni mzuri mno, kipa anaona, kuna mwongozaji nyuma ya goli, na anayemwendea mwenye mpira lazima atamke "voy" ("naenda" kwa Kihispania) ili asikike, lakini unataka mbao za pembeni za kuzuia mpira usitoke na unataka watu ambao tayari wanajiamini kukimbia gizani, kwa hiyo usianze nao.

Kundi lao linapokuwa halina mpinzani

Michezo ya wenye ulemavu tunayoijua leo ilitoka kwenye kundi lao. Dokta Ludwig Guttmann alianzisha mashindano kwenye hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza, tarehe 29 Julai 1948 akiwa na washiriki 16 tu wakipiga mishale, na mwaka 1960 Paralimpiki ya kwanza, kule Roma, ilipokea wanamichezo 400 kutoka nchi 23. Kusingekuwepo mahali pao wenyewe pa kujaribu, viti vya michezo na sheria zake visingezaliwa.

Kwa hiyo mtu akitaka ushindani wa kweli, au akitaka kujifunza ufundi wa kiti mwendo, mpeleke kwenye kundi. Kikapu cha viti mwendo kwa mfano, goli liko palepale mita 3.05, mchezaji anapewa pointi kati ya 1.0 na 4.5 kulingana na anavyoweza kutumia kiwiliwili, na watano walioko uwanjani jumla yao isizidi 14, maana yake timu inamhitaji mwenye ulemavu mzito, hawezi kusahauliwa benchi. Darasa la kawaida haliwezi kukupa mfumo kama huo. Na bado mlango haujafungwa, ligi za ndani za Canada na Ujerumani zinaruhusu hata wasio na ulemavu kukaa kwenye kiti na kucheza.

Viziwi nao wana sababu yao tofauti kabisa. Mashindano yao ya kimataifa yalianza Paris mwaka 1924, kabla ya Stoke Mandeville, na mpaka leo wana Deaflympics yao nje ya Paralimpiki. Mwili wao hauhitaji kundi tofauti, lugha yao ndiyo inayohitaji, timu ambayo kila mtu anaongea kwa alama, kocha hadi kipa. Kijana kiziwi akikwambia anataka kucheza na viziwi wenzake usimwambie anajitenga.

Kwa ulemavu wa akili kuna njia ya katikati, Special Olympics iliyoanzishwa na Eunice Kennedy Shriver na kufanya mashindano ya kwanza Chicago mwaka 1968 ina mpango wake wa Unified Sports, timu moja ina wenye ulemavu wa akili na wasio nao wenye umri na uwezo unaokaribiana. Uwezo unaokaribiana ndio moyo wa jambo. Ukimchanganya nyota wa shule na mtu anayejifunza kudaka, nyota atacheza peke yake mechi nzima.

Mmoja kwa mmoja, dawa kali

Hapa unapata umakini wote wa mwalimu, maendeleo ya haraka, na faragha kwa mtu anayeona aibu. Mtu aliyeumia juzi na bado hajauzoea mwili wake, mtoto mwenye usonji ambaye ukumbi wenye mwangwi unamfanya azibe masikio, mtu asiyeona anayejifunza mkao wa kurusha ambao lazima aupapase kwako au umwongoze mikono, na hapo omba ruhusa kabla ya kumgusa, kila mara na siyo siku ya kwanza tu, wote hao wanafaidika.

Lakini ni ghali kwa muda, haina mchezo maana huwezi kumpasia mwalimu maisha yako yote, na inazoeleka vibaya. Msaidizi anayekaa kati ya mtoto na wenzake ndiye anayekuwa kizuizi, wenzake wanaongea na msaidizi badala ya kuongea naye. Mimi naitumia kama matayarisho, dakika 10 kabla ya kipindi kumfundisha mapema kile darasa litakachofanya, azunguke ukumbi aujue, aone picha za hatua kwa hatua za leo kuna nini na kinaisha vipi, alafu anaingia na wengine akiwa ameshajua.

Kuogelea ndiko kunakoonyesha kwamba si lazima uchague. Mbinu ya Halliwick, aliyoianzisha James McMillan London mwaka 1949, kila muogeleaji ana mwalimu wake majini lakini wote wako kwenye kundi moja wanacheza michezo ya duara, bila maboya, na mwalimu anapunguza kushika kadiri mtu anavyoweza kujigeuza na kurudisha pumzi mwenyewe.

Mahali ambapo mwili ndio unaoamua

Kuna mambo ya afya ambayo yanabadilisha uchaguzi hata kama mpango wako ni mzuri, na hapa naomba msome taratibu.

Aliyeumia uti wa mgongo kuanzia pingili ya sita ya kifua kwenda juu anaweza kupandwa na presha ghafla kwa sababu ya kitu kidogo chini ya alipoumia, kibofu kimejaa, mrija wa mkojo umekunjika, mkanda umebana, kitu kinamchoma makalioni na yeye hahisi. Dalili ni kichwa kugonga vibaya, uso kuwa mwekundu na kutoa jasho sehemu ya juu, mara nyingine mapigo yanashuka. Simamisha kila kitu, abaki wima amekaa usimlaze, legeza mikanda na nguo, tafuta chanzo ukianza na mkojo, na isipotulia haraka ni dharura ya hospitali. Mtu huyu pia hatoi jasho vizuri chini ya alipoumia, joto linamzidi mapema, kwa hiyo kivuli, maji ya kumpulizia na mapumziko. Na kama ameumia shingoni usimpime kwa mapigo ya moyo, yanaweza yasivuke hata 120 au 130 kwa dakika akiwa amechoka kabisa, muulize anajisikiaje kwa kipimo cha 0 hadi 10. Sasa mwalimu mmoja mwenye watoto 45 anaweza kuona haya yote? Kama hawezi basi siku za mwanzo mpe kundi dogo, na awepo angalau mmoja mwingine anayejua dalili.

Mwenye hali ya Down (Down syndrome), kabla ya mazoezi ya kubiringika kichwa, kupiga mbizi, kuruka juu au mieleka, aonwe na daktari kuhusu shingo, kwa sababu baadhi yao pingili mbili za juu zimelegea. Maumivu ya shingo, kubadilika kutembea, au kuanza kujikojolea wakati zamani hakuwa hivyo, acha mara moja apelekwe. Wengi pia wamezaliwa na tatizo la moyo, uliza. Hayo hayamzuii darasa la pamoja hata kidogo, yanazuia vitendo vichache tu, na inaniuma sana nikiona mtoto anazuiwa michezo yote kwa sababu ya kitendo kimoja.

Mwenye mgongo wazi mara nyingi ana mzio wa lateksi, ule mpira asilia unaotengenezea mabaluni, na sisi walimu tunapenda mno mabaluni kwa sababu yanaelea taratibu. Tumia mpira wa ufukweni wa plastiki. Kama amewekewa mrija wa kutoa maji kichwani, kupiga mpira kwa kichwa hapana.

Mwenye mtindio wa ubongo misuli inakaza zaidi akishtuka au akipata baridi, kupasha mwili kuwe kurefu na filimbi isiwe ya kumlipukia sikioni, majini atafute bwawa la vuguvugu. Mwenye ugonjwa wa misuli kudhoofika asisukumwe mpaka achoke kabisa, kwake kuishiwa nguvu siyo dalili ya mazoezi mazuri. Mwenye kifafa anaogelea ndiyo, akiwa na mtu mmoja ambaye kazi yake pekee ni kumtazama yeye.

Tukiweka mezani watu watatu

Msichana wa miaka 12 asiyeona, shule ya kawaida, anapenda riadha. Mbio afanye na darasa akiwa na mkimbiaji mwenza aliyeshika naye kamba fupi, na huyo mwenza awe na kasi kuliko yeye ili asimvute nyuma. Kurusha, ampate mwalimu peke yake kwanza. Netiboli darasani inampa mguso sufuri, kwa hiyo wiki hizo darasa zima lihamie goalball badala ya yeye kukaa pembeni. Na mwisho wa wiki kama kuna klabu ya wasioona aende, huko atakutana na wanaomshinda, kitu ambacho shuleni huenda hakipati kwenye goalball.

Mvulana wa miaka 9 mwenye usonji asiyependa kuguswa wala kelele. Wengi wangempa mmoja kwa mmoja mwaka mzima. Mimi ningeanza hivyo wiki chache, ukumbi uleule, ratiba ya picha ileile, kisha nimwongezee mwenzake mmoja, baadaye wawili, kwenye kitu kinachojirudia kama trampolini au vituo, na darasa kubwa ajiunge nalo dakika za mwanzo tu za kupasha mwili akiwa na ruhusa ya kutoka akizidiwa. Ruhusa ya kutoka ndiyo inayomwezesha kukaa.

Mwanamke wa miaka 34 aliyeumia mgongo kwenye ajali, kiuno kwenda chini hakuna nguvu. Kwake kundi la viti mwendo lije kabla ya jimu yoyote, kwa ufundi wa kiti na kwa watu wa kuwauliza maswali ambayo daktari hana muda nayo. Jimu ya kawaida ifuate, na huko aongeze mazoezi ya kuvuta kuliko ya kusukuma kwa sababu mabega yake tayari yanasukuma kutwa nzima na hayo mabega sasa ndiyo miguu yake. Na kila baada ya dakika 15 hadi 30 ajiinue au ajiinamishe kwenye kiti makalio yapumue.

Na kama mmoja wao atakataa mpango wako, aseme hapana mimi nataka kule kwingine, mpe wiki nne za kule kwingine kwanza kabla hujamweleza sababu zako. Akiwa mtoto mdogo au mtu asiyeongea, ataonyesha kwa mwili, anayejivuta kuelekea mlangoni kila siku ya kipindi fulani ameshajibu.